Twiga Waliotoka Golini

Mpendwa Shangazi Asenath,

Niokoe, maana tangu jana sijui la kufanya. Mimi ni Nthoki, kidato cha pili, na pamoja na rafiki yangu Gordon naandika habari za michezo kwenye gazeti la ukutani la shule yetu hapa Makadara, sasa milingoti ya goli letu imetoweka fainali ya mitaa ikiwa Jumamosi, na Gordon amewaambia watu wote kwamba mwizi ni Thuo, golikipa wa wapinzani wetu, hata kamati ya mashindano imemfungia asicheze, nasi tumetangaza kwamba Ijumaa tutatoboa siri yote, basi jana nikampelekea baba chakula kibandani kwake Gikomba, yeye ni mchonga vinyago, nikakuta twiga watatu warefu ajabu, mmoja bado ana rangi nyeupe ya goli masikioni, nikamwuliza, "Baba, hii mbao umetoa wapi?" akacheka tu, "Huo ni muhugu, mwanangu! Mti wa kuchonga wa maana hivyo kupigwa mpira kila jioni ni dhambi. Nitawawekea mkaratusi, hata hawatajua," nikarudi nyumbani bila kumwambia mtu, kwa sababu nampenda sana baba yangu, na Gordon akijua ataandika kwa herufi kubwa, na Thuo wa watu analia tu. Nifiche au niseme?

Nthoki

Nthoki mwanangu,

Pole, ingawa nimecheka mpaka chai ikanimwagikia. Mlitafuta fumbo, nalo likakufuata mpaka nyumbani! Baba yako si mtu mbaya. Ni fundi aliyependa mti akasahau watu. Lakini kuchukua cha wenyewe bila kuomba kuna jina lake, nawe unalijua. Huyo Gordon ningemvuta sikio: amemhukumu mtoto wa watu kwa sababu tu anadaka mipira yenu? Na wewe unayejua ukweli ukanyamaza, humzidi kitu.

Leo jioni mwambie baba kwa heshima, "Baba, kuna kijana amefungiwa kwa ajili ya hii miti." Usimtishie na gazeti. Kama ni baba ninayemdhania, ataenda kwa kamati mwenyewe, mkaratusi begani. Akikataa, kesho asubuhi nenda na mama yako. Kisha mwombeni Thuo radhi gazetini, jina lake likiwa juu kabisa. Habari ya baba yako aiandike Gordon. Mtoto hamwandiki mzazi wake.

Huenda Thuo akawanyima kombe. Mkishindwa naye akiwa golini, kombe mtalitafuta mwaka ujao. Mkishinda naye akiwa amefungiwa nyumbani, hamkushinda.

Shangazi Asenath