Mashine ya Dhahabu Uani Kwetu

Msamala,
Songea.
23 Agosti 1995.

Mpendwa kaka yangu, Bruda Kajetani,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakufikia hapo Hanga ukiwa mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Sisi huku tunapumua. Mpwa wako Noela ameng'oka meno ya mbele na anajiona mtu mzima. Mama mkwe Walburga anakusalimu sana, na ameniagiza nikuombe umkumbuke kwenye sala kwa sababu nyumba yake imeingiliwa. Aliyeiingilia ni mwanawe wa kumzaa, shemeji yako Remmy.

Unajua kwamba tangu apunguzwe kazi kwenye ghala la tumbaku, Remmy hajatulia. Wenzake wamefungua vibanda, wengine wanauza mitumba. Siku hizi za soko huria kila mtu ni mfanyabiashara. Naye alijaribu kuuza sabuni, akachoka kukaa kitako. Ndipo akaja rafiki yake Daimu, yule wa Tunduru aliyekuwa kwenye korosho, ambaye sasa kichwani mwake hamna kingine ila vito. Alikuja na mashine aliyoachiwa na Mzungu mmoja mtafuta madini: fimbo ndefu yenye sahani chini na vidude vya kuvaa masikioni. Wakakubaliana kwamba mashine ni ya Daimu, nguvu na uwanja ni vya Remmy. Eti Wajerumani walipokimbia walifukia dhahabu zao, na kiwanja chetu ndicho kilichokuwa njiani kwao.

Kaka, sikujua kwamba ardhi yetu imemeza takataka kiasi hiki. Misumari, vizibo vya soda, zipu za suruali, betri za redio, tyubu za dawa ya meno, hata mfuniko wa sufuria yangu niliomsingizia jirani kwamba kauiba. Daimu alimfundisha Remmy kwamba chuma hukoroma, bali dhahabu huimba. Ni sawa, ila karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara nayo inaimba vilevile! Kila ikiimba, Remmy anapiga magoti, anafukua, anasugua kitu kwa limao, anakigusa kwa sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio yetu, kisha anaking'ata. Nilimwambia ipo siku atameza zipu. Akanijibu kwamba mimi sina elimu ya madini. Malimao yameisha mtini, redio imekuwa bubu, na bustani yangu ya mboga utadhani wamepita nguruwe. Nyuma ya jiko kuna lundo la vyuma linalonifika kiunoni, nami siruhusiwi kulitupa kwa sababu eti bado halijachambuliwa.

Yote hayo niliyavumilia. Kisha mashine ikaimba nyuma ya nyumba, juu ya kaburi la marehemu baba mkwe.

Niliwaambia palepale kwamba hivyo ni vishikio vya jeneza, nilikuwepo kwenye mazishi na niliviona kwa macho yangu. Daimu, namshukuru Mungu, aliivua mashine masikioni, akasema astaghfirullahi, kaburi ni kaburi, yeye hatii jembe hapo. Lakini Remmy alikuwa amekwisha kuwa kama mtu mwenye homa. Alisema baba yake aliwapikia wamisionari miaka mingi, na wazee hawakusema kila kitu. Mama mkwe alitoka na kanga yake, akaketi juu ya kaburi, akanyoosha miguu, akamwambia: "Ukitaka kuchimba, anzia kwangu." Remmy akaweka jembe chini. Ila baadaye alininong'oneza kwamba atasubiri mama aende kwenye sala ya jumuiya siku ya Alhamisi, achimbe pembeni kidogo tu.

Jumatano asubuhi mashine ikaimba upande wa pili kabisa, migombani. Wakafukua pete. Kaka, zile kelele! Majirani walijaa uani. Remmy aliisugua, akaigusa kwa sumaku haikushika, akaing'ata, akasema hii ndiyo yenyewe. Kaburi likasahaulika. Wakaondoka mbio kwenda kwa sonara pale sokoni.

Walirudi mchana, Remmy ameinamisha kichwa. Sonara aliisugua pete kwenye jiwe lake jeusi, akadondoshea dawa, ikatoka povu la kijani. Shaba, akasema, imepakwa maji ya dhahabu. Remmy akaitupa kwenye lundo. Nami nikaangua kilio mbele ya watu, nisiweze kujizuia. Daimu maskini akawa ananibembeleza: "Shemeji usilie, riziki ipo."

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia hata mama mkwe. Pete ile ilikuwa yangu, ya ndoa. Hufungwa kitambaani sandukuni, naivaa Jumapili tu. Niliifukia mwenyewe alfajiri ile, ili waache kaburi. Nilijua wataipeleka kwa sonara, naye atasema dhahabu, Remmy atatulia, kisha nitamweleza. Sikujua kwamba sonara angenieleza mimi.

Jumapili tukijiandaa kwenda misa, Remmy akaniuliza mbona sijavaa pete. Nikamwambia iko kwenye lundo lake. Alisimama pale hajafunga vifungo vya shati. Halafu akatoka, akapiga magoti nyuma ya jiko, akachambua lundo lote kwa vidole, bila mashine. Misa ikatupita. Alipoipata alikuja nayo kiganjani, akasema aliinunua Dar kwa mtu aliyeapa kwa mama yake, na kwamba siku ile ya harusi hakuna mwanaume Songea aliyekuwa na furaha kama yeye. Akataka kuitupa chooni. Nikamnyang'anya.

Ungedhani hapo ndipo mwisho. Thubutu! Sasa anasema hatapumzika mpaka anipatie pete ya kweli, na Jumatatu ijayo anaondoka na Daimu na mashine kwenda Tunduru. Nimemwambia siitaki dhahabu, anadhani ni hasira. Wewe anakusikiliza. Tafadhali njoo, au umwandikie upesi. Na unieleze wewe uliye mtawa: baraka ya padre ilishika ile shaba, au haikushika? Mimi nasema ilishika. Tangu Jumapili sijaivua, hata nikifua nguo ninayo. Kidole kimekuwa kijani kama jani la mgomba, na Remmy akikiona anatazama pembeni. Mwambie asitazame pembeni.

Wasalimie mabruda wote, na yule mzee wa bustani aliyetupatia miche ya kabichi; mwambie ile iliyonusurika inaendelea vizuri. Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Oliva