Taa Nyekundu Hamsini na Sita

Bismarck, Dakota Kaskazini
21 Januari 1977

Baba mpendwa,

Hamjambo huko nyumbani? Goti lako linasemaje na baridi hii? Mimi mzima, ila chumba nilichopanga kina dirisha lisilofunga vizuri, kwa hiyo nalala na koti. Ningepiga simu, lakini laini ya hapo nyumbani ni ya pamoja na majirani, kina Gullickson, nao hawakosi kusikiliza. Haya sitaki Bi. Gullickson ayajue kabla ya Mama.

Jana nilisimama kuzungumza Bungeni kwa mara ya kwanza. Mswada wenyewe mdogo tu, wa leseni za wafuga nyuki, lakini nilijiandaa wiki nzima. Mzee mmoja akanyanyuka, uso mkavu kabisa, akaniuliza nyuki wa kaunti yetu ni wa chama gani. Mwingine akataka nimhakikishie kwamba mimi mwenyewe siumi. Kisha Spika akaita kura. Kila mbunge ana kitufe mezani na taa yake ubaoni. Nikatazama ubao: nyekundu tupu, ya kijani moja tu, yangu! Baba, nilidhani ni kweli. Nikajisemea, miezi minne ya kugonga milango ya watu imeishia hapa. Ghafla wakaangua kicheko, wakabonyeza upya, ubao mzima ukawa kijani. Kumbe ndivyo wanavyompokea kila mgeni kwenye mswada wake wa kwanza. Hakuna aliyenionya, mashetani hawa!

Mswada wa reli utafika tarehe 16 Februari. Unajua ndio ulionileta huku: kengele na taa kila mahali barabara inapokata reli. Njoo, Baba. Nataka uwepo juu kwenye roshani ya wageni siku hiyo.

Mwanao,
Ardis

*

Nordby
30 Januari 1977

Mwanangu Ardis,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Goti linasema lile lile linalosema kila Januari. Mama yako anasema uvae soksi mbili, na anakutumia lefse, zile chapati zake za viazi, usiwape hao waliokucheka.

Barua yako niliwasomea wazee mgahawani. Melvin alimwaga kahawa kwa kucheka. Sasa kila anayeingia anaulizwa nyuki wake ni wa chama gani.

Kuhusu reli. Sipendi kaka yako kutajwa mbele za watu, nawe unajua. Verlyn alikuwa na miaka kumi na tisa, akipeleka ngano yetu mjini, treni ikamkuta. Hiyo ni habari ya nyumba hii. Ulipozunguka na jina lake mdomoni kuomba kura, nilikaa kimya. Lakini nitakuja. Mama yako ameshasema nitakuja.

Babako

*

Nordby
17 Februari 1977

Mwanangu,

Hujambo? Nilifika salama, ingawa theluji ilinifuata njia nzima. Nakuandikia alfajiri kukuomba radhi.

Ulisema vizuri jana. Hukupaza sauti, na jina la Verlyn ulilitaja mara moja tu. Nilijivuna mpaka kola ikanibana. Kisha ubao ukawa mwekundu, nikakumbuka barua yako. Nikajua wanakutania! Nikasimama, nikacheka, nikapiga makofi, mjinga mimi. Nikawaambia waliokaa karibu nami, “Subirini, sasa hivi watageuza.” Nikasubiri. Spika akagonga nyundo yake, wakahamia mswada wa mifereji, nami bado nimesimama. Nyekundu hamsini na sita. Wanamkataa mwanangu na mimi nacheka! Nilishindwa kukutazama usoni, ndiyo maana niliondoka bila kuaga.

Kwenye ngazi mzee mmoja mwenye buti za wafuga ng'ombe alinifuata, akaniuliza nilikuwa nikisubiri nini kule juu. Nikamwambia yote. Sijui kwa nini. Miaka kumi na moja sikumwambia mtu, nikamwambia yeye: kwamba ilikuwa mchana kweupe, kwamba mabehewa yaliyoegeshwa yalimziba kijana asione, kwamba mimi nilikuwa kwenye lori la nyuma yake. Akavua kofia. Nami nikaenda kuwasha gari.

Nisamehe.

Babako

*

Bismarck
19 Februari 1977

Baba yangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi mzima, mzima kweli kweli. Najua redio imeshawaambia matokeo. Acha nikwambie kile redio isichokijua.

Mzee wako wa ngazini anaitwa Palmer Kvamme. Yumo Bungeni tangu mimi niko shule ya msingi, na nyekundu moja ilikuwa yake. Kanuni zetu zinasema mswada uliokataliwa unaweza kurudishwa kesho yake, lakini wa kuurudisha lazima awe mmoja wa walioukataa. Mimi niliyeshindwa sikuwa na la kufanya. Alhamisi asubuhi akasimama.

“Jana nilimwona mtu kule juu akisubiri tugeuze kura,” akasema. “Alidhani tunatania. Nilizungumza naye. Naomba tupige kura tena.”

Duane, anayewasemea watu wa reli, akaropoka, “Palmer, uzee umekulainisha!”

Mzee hata hakugeuka. “Na wewe utazeeka, Duane. Ukijaliwa.”

Hamsini na tatu kwa arobaini na saba, Baba! Nililia mbele ya watu wote, na sikuona haya. Kwa hiyo usiniombe radhi. Mimi nilisema dakika ishirini nikashindwa. Wewe ulisimama tu. Seneti bado, lakini Kvamme ana binamu wawili huko na anasema wote wanamwogopa.

Binti yako,
Ardis

*

Nordby
9 Oktoba 1977

Mwanangu Ardis,

Natumai u mzima. Sisi hatujambo, mavuno yamekwisha na hayakuwa mabaya.

Jumanne walimaliza kufunga taa pale petu. Mimi na Mama yako tulikuwa garini treni ya saa nne ilipokuja. Kengele zikalia, nikasimamisha gari, tukakaa mpaka behewa la mwisho likapita, na baada ya hapo tukaendelea kukaa. Mama yako alishuka akaushika ule mlingoti wa taa. Bi. Gullickson anasema kengele inampigia kelele jikoni. Nikamwambia apeleke malalamiko kwa mbunge wake.

Sasa kuna jambo nimelibeba mwaka mzima. Novemba ile ulishinda kwa kura tisa, na kila mtu mgahawani akanipa mkono. Hawajui. Mimi sikukupigia kura. Nilisimama na karatasi ile na penseli, nikaitazama, nikaitumbukiza bila alama. Nilitaka ushindwe, urudi nyumbani, watu waache kumtaja kijana wangu. Hata Mama yako sijamwambia.

Nilikosea. Ulimtaja Verlyn kwa sababu wewe hukuogopa kumtaja, na mimi niliogopa. Najivunia wewe, Ardis. Nimeliandika ili usidhani umelisikia vibaya.

Mwakani ukigombea tena, mlango wa kupigia kura utafunguliwa saa moja asubuhi. Watanikuta nje.

Babako