Buni Chini ya Nguzo

Jumatatu, 3 Machi 1958
Nimeshona kola za sare mpaka vidole vimekufa ganzi. Mama kibarazani, anachambua maharagwe na kusimulia kwetu Jinja. Tena. Jinsi kabla ya kupanda mtumbwi kila mtu alirusha buni, punje za kahawa, majini, kuyaomba maporomoko njia. Kopo lake la buni bado liko chini ya kitanda. Nimecheka, kisha nikatamani kulia. Namkumbuka marehemu Baba akipaza sauti ili tumsikie. Maji yale hayakumruhusu mtu kunong'ona.

Mama anataka nimpeleke Pasaka akayaone maporomoko kabla hajafa. Hayapo. Bwawa la umeme limeyafunika. Mimi najua, yeye hajui, na sina ubavu wa kumwambia.

Alhamisi, 6 Machi
Wamesimamisha nguzo ya umeme karibu na bomba la maji. Mtaa wetu mzima wa Kaloleni umetoka kutazama, utadhani arusi. Mama ameshafunga mzigo. Nikasema tungoje mvua ipite. Ameniita mvivu.

Jumamosi, 8 Machi
Kaka yangu Waiswa! Mdomo wake hauna kufuli. Kazi yake ni kuvuta nyaya, basi amekuja kujigamba.
"Mama, taa za hapa zitawaka kwa maji ya kwetu Jinja! Mto wameuziba, maji yanazungusha mashine."
"Na maporomoko?"
Waiswa akanitazama. Mimi nikatazama cherehani.
"Yamezama, Mama," nikasema.
Hakulia. Amegeukia ukutani, chakula hakugusa. Namchukia Waiswa leo. Najichukia zaidi.

Jumapili, 9 Machi
Mama hakwenda kanisani. Uji umepoa mezani. Ningekuwa na uwezo ningeing'oa ile nguzo.

Jumapili, 16 Machi
Taa ya nguzo imewaka jioni hii. Watoto walishangilia. Mama akatoka na kopo lake la buni. Akafika kwenye nguzo, akaitegea sikio. Inavuma kidogo. Akadondosha buni chini, pole pole, kama zamani. Majirani wakacheka. Nikawakodolea macho mpaka wakanyamaza, nikaenda kusimama naye.
"Yametoka mbali maji haya," akasema. "Yamechoka. Ndiyo maana yananong'ona."
Akanipa buni moja. Nikaitupa.
Usiku huu amekula ugali wote. Kisha akafungua mzigo, akarudisha nguo zake sandukuni.