Sikio Langu Bado ni la Kwale

Eldas, Wajir

Kwako dada yangu Mwanajuma,

Salamu nyingi kutoka kwenye jua hili kali. Mgongo wa mama umepata nafuu? Na mimba yako, bado inakunyima usingizi? Mimi mwili ni mzima, na ndoa, dada, ni tamu kuliko nilivyokusimulia. Abdullahi akiingia na vumbi lake la mnadani, moyo wangu unaruka kama siku ya nikahi. Lakini ninaogopa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningelia tu.

Jumamosi anakwenda Elwak kununua mbuzi, mwezi mzima. Nitabaki na mama yake, ambaye macho yake yamefifia na Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Abdullahi ameniambia, "Ukiogopa, nitakurudisha Kwale mpaka nirudi."

Hofu yangu ina sababu. Majuzi mimi na mama mkwe tulikuwa karibu na zizi, jirani akapiga kelele kwa Kisomali. Huku watu husalimiana kwa sauti kubwa, basi nikasimama na kuni zangu nikitabasamu. Nyoka akapita hatua moja tu kutoka mguuni pangu. Mama mkwe, asiyeona vizuri, alikuwa ameshakimbia. Mimi mwenye macho nimesimama!

Tangu siku hiyo, kila baada ya Alasiri ananikalisha mkekani na kubandika vidole vyangu kooni mwake.

"Fidole hapa. Bole bole. Sikia na mkono kwanza."

Anatamka neno la Kisomali, halafu jingine. Masikioni mwangu ni yale yale, lakini chini ya vidole, kwa neno moja koo linabana, kwa jingine linalegea. Nilikosea kila siku.

"Sikio yako imelala," akasema. "Hata mbuzi yangu inajua!"

Juzi akaniambia nisome Alhamdu. Nilipofika penye ain, ile herufi ya Kiarabu itokayo ndani ya koo, akanidaka mkono. "Hii! Hii unayo!"

Unakumbuka fimbo tulizochapwa na maalimu chuoni, tukisoma Kurani, kwa ajili ya ain ile? Tangu utotoni naitamka katika Kurani, kumbe nilikuwa naiacha kwenye mswala. Sikujua inaweza kukaa katika mazungumzo ya maziwa na kuni.

Kesho yake Abdullahi akaniita kutoka mlangoni, "Asha!" Nikaduwaa. Ain ilikuwa pale, mwanzoni mwa jina langu.

"Umeanza lini kuniita hivyo?"

"Tangu siku ya kwanza, kule Ukunda. Kwani ulikuwa husikii, mpenzi?"

Nililia, dada. Mwaka mzima ananiita hivyo, nami ndio kwanza nasikia!

Usidhani nimejua. Maneno mengi bado yananipita. Lakini leo asubuhi mama mkwe aliita kutoka jikoni. Sikuelewa neno hata moja, ila sauti ilipanda kama siku ya nyoka, na miguu yangu ikakimbia kabla sijafikiri. Birika lilikuwa limepinduka, chai ya moto inamfuata miguuni, naye anapapasa ukuta. Nikamvuta.

"Umesikia," akasema, akinishika shavu.

Basi nimemwambia Abdullahi aende. Bado ninaogopa, lakini nitabaki na mama yake.

Mpe baba mkono wangu, na shangazi Mwanakombo muuza mahamri. Maalimu wetu mwambie fimbo zake hazikupotea.

Ni mimi mdogo wako,
Asha (isome kwa ain)