Vitone Kumi na Kimoja

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi. Ukungu umeingia mpaka ndani ya maabara, na mafuta ya mashine yamegoma tena. Yakiwa mazito kidogo tu, vitone vya sampuli vinaungana na kazi yote inakuwa uji. Nimeyabana kwapani nusu saa. Miaka yote ile chuoni, halafu naatamia mafuta! Madamu Esnath, mkuu wetu, akanikuta hivyo. Akaniuliza vifaranga wanatoka lini.

Majibu ya sampuli ya Kyimo yametoka. Shamba la Bibi Atuganile lina ugonjwa wa mnyauko. Nimeandika "umeonekana", nimesaini, Madamu amemtumia bwana shamba. Ijumaa wanakuja kung'oa. Siyo mgomba mmoja — shamba zima, na kaburi la mumewe liko katikati ya migomba hiyo. Kazi ni kazi. Chakula cha mchana nimekirudisha nusu.

Jumanne, 15 Julai

Bibi Atuganile amenipigia. Nilijiandaa kutukanwa. Hakutukana. Ameuliza tu kama mkungu uliokomaa anaweza kuula, au nao umekatazwa. Nikamwambia ale, ugonjwa huu haumdhuru mtu. Akasema, "Ndaga fijo, binti Abdala." Ananishukuru! Kwa lipi?

Bora angetukana.

Jumatano, 16 Julai

Nimefanya upumbavu. Naandika nisije nikajidanganya baadaye.

Asubuhi nilifungua tena picha za sampuli ya Bibi. Mashine yetu inachukua tone moja la utomvu na kuligawa ndani ya mafuta, vitone elfu ishirini, kila kimoja kama kichupa chake. Chenye kidudu cha mnyauko kinawaka kijani. Visivyo nacho vinabaki vyeusi. Vyako vikiwaka, una ugonjwa — ndivyo nilivyosoma Jumatatu, haraka haraka, kwapa likiwa bado linanuka mafuta.

Sikuhesabu. Leo nimehesabu. Kumi na kimoja. Mgomba unaoumwa kweli unawasha maelfu, skrini nzima inakuwa kijani. Kumi na kimoja ni nini? Labda ugonjwa ndiyo kwanza unaanza. Au ni uchafu wa mahali pengine.

Hapo nikakumbuka panga.

Alhamisi iliyopita nilikwenda Kyimo na boksi langu la wembe, kila mgomba wembe mpya. Nikaanza kukwaruza. Bibi akaniangalia weee, mwisho akasema mgeni hakati mgomba wa mwenyeji, nitajikata vidole. Akamwita shemeji yake, Mzee Ambilikile, shamba lake linapakana na la Bibi. Alikuwa anatoka kwake na panga mkononi. Akakata pande safi, mara moja, akanipa kwa mikono miwili. Ningemwambia nini mzee wa watu? Kwamba panga lake chafu? Nikapokea, nikasema asante. Adabu yangu ndiyo imemhukumu yule bibi.

Nimemwambia Madamu yote. Nikaanza kufikiria barua ya kuacha kazi. Kisha akasema nimpigie bwana shamba mwenyewe, nikiri kwa mdomo wangu, halafu nichukue boda kabla mvua haijashuka. Bwana shamba amefoka, ana haki. Amekubali kusubiri, ila anataka barua.

Nimerudi na sampuli za migomba kumi. Wembe kumi. Bibi alitaka tena kunisaidia — nikamwomba anishikie mwavuli.

Alhamisi, 17 Julai

Sifuri.

Migomba kumi, kila mmoja vitone elfu ishirini, na hakuna hata kimoja kilichowaka. Sampuli yetu ya ugonjwa, tuliyoiweka makusudi, iliwaka kama kawaida, kwa hiyo mashine haijasinzia. Nimerudia mmoja kwa wasiwasi. Sifuri tena. Alhamdulillahi! Nimelia chooni kama mtoto, kisha nikanawa uso nikaandika barua.

Ule mmoja uliokatwa kwa panga utang'olewa peke yake, kwa tahadhari, na baada ya wiki tatu tunapima tena. Mingine ibaki. Madamu amenisomea somo la dakika arobaini kuhusu wembe, mwishowe akaninunulia chapati mbili. Nimekula zote.

Ijumaa, 18 Julai

Kyimo. Niko barazani kwa Bibi Atuganile, daftari mapajani.

Nilimkuta shambani, amekwisha kusafisha kaburi lisije likakanyagwa na wang'oaji. Nikamwambia. Akakaa chini palepale kwenye majani yenye umande, akafunika uso kwa kitenge. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Nikakaa karibu yake, nguo zikalowa, sijali. Kifua changu chepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Mzee Ambilikile alisikia kicheko, akaja, nikamweleza naye yote. Alifurahi, alinishika mikono yote miwili. Kisha akauliza, polepole, sasa hivyo vidude kumi na kimoja vilitoka wapi.

"Kwenye panga, mzee," nikasema. Neno lilishatoka ndipo nikaelewa nilichosema. Jana nilishangilia mpaka nikasahau kujiuliza panga lenyewe liliupata wapi ugonjwa.

Hakukasirika. Aliangalia miguu yake. Akasema ana migomba minne, imeanza kuwa njano tangu masika. Anaikata alfajiri, anaifukia, watu wasione. Aliogopa wakija watang'oa yote.

"Ukaja kunikatia mimi?" Bibi akauliza.

Akasema alilifuta panga kwa majani. Alidhani inatosha. Angekataa kukata mbele ya mgeni, angeulizwa kwa nini.

Nilitegemea kelele. Bibi akasema kitu kwa Kinyakyusa, sikukipata chote, akanyanyuka akatangulia kwenda kwa shemeji yake. Naye akamfuata. Mabega yake yalikuwa yameshuka, kama mtu aliyetua gunia.

Nimekuja barazani kuchukua boksi. Wembe ninao wa kutosha leo. Nawaona kutoka hapa. Mzee anamwonyesha migomba inayoumwa, mmoja mmoja, kwa kidole, na Bibi anaufunga kila mmoja kamba ya mgomba. Bibi amenipungia mkono niende. Naenda.

Alisema minne. Wamefika wa tisa, na kidole hakijashuka —