Mama Alivyoiuza Landrova Yetu

Jumamosi. Mvua ya alfajiri imeacha matope uani, na sasa jua linachoma. Nimekaa barazani natazama pale ilipokuwa landrova yetu. Pamebaki kipande cha udongo mkavu, na kuku wanazunguka wakitafuta mahali pao pa kutagia.

Tumeiuza.

Nilidhani leo ningeandika kwa huzuni. Kumbe sivyo. Nimejaa fahari hadi nashindwa kukaa kimya, na fahari yenyewe ni ya Mama.

Kwa msiotujua: gari lile Baba alilinunua mnadani, kuukuu tayari, kwa biashara ya mananasi. Haukupita muda macho yake yakaingia ukungu. Watu wakamshauri aajiri dereva. Yeye akampa Mama funguo. Mama akajifunza kule Kaole, kwenye uwanda wa chumvi, mahali ambapo hapakuwa na cha kugonga. Tangu hapo ni yeye aliyekuwa akipakia mananasi Kiwangwa na kuyashusha Chalinze, Baba kando yake akipatana bei na wateja. Madereva wa malori walimcheka mwanzoni. Baadaye wakawa wanampisha.

Sisi watoto tumesoma kwa gari hilo.

Baba alipofariki, landrova ikaegeshwa uani na haikuwashwa tena. Upepo wa bahari ukaanza kuila. Mwaka huu Mama mwenyewe ndiye aliyesema iuzwe, maana chuma kisichofanya kazi kinaoza, na hakutaka kukaa akikitazama kikioza.

Nikaweka tangazo mtandaoni. Niliandika kwamba inahitaji matengenezo kidogo. Kidogo! Picha nilizipiga upande ule mzuri tu. Kaka yangu Salumu naye akaingia uvunguni na kopo la rangi nyeusi, akapaka pale chasisi ilipopasuka. Tulikubaliana sisi wawili kwamba mnunuzi asipouliza, hatusemi.

Mama hatukumwambia.

Jumatano alikuja bwana mmoja kutoka Dar, Deogratias, ambaye hununua magari ya zamani na kuyafufua. Alimwamkia Mama kwa adabu, akaizunguka landrova, kisha akaniuliza hali yake. Nikaanza kuisifia bodi. Mama akanitazama mara moja tu, nikanyamaza.

Akajifunga kanga vizuri, akainama, akamwonyesha kwa kidole.

"Hapa pamepasuka," alisema. "Mwanangu amepapaka rangi, lakini rangi haiungi chuma."

Salumu akaangalia miguu yake. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mama akaendelea bila haraka: breki za miguu zimekufa, imebaki ya mkono, gia ya nyuma huchomoka yenyewe, sakafu upande wa abiria imeoza, amewekea ubao. Hata tundu la paa ambalo sisi hatukulijua, alilitaja. Alipomaliza akamwambia kwamba kuficha kasoro ya mali unayoiuza ni kula haramu, na kwa umri wake hakutaka kuanza.

Deogratias akashukuru, akasema atafikiri, akaondoka.

Tulijua maana ya "nitafikiri". Salumu alikasirika, akasema Mama ametuvunjia biashara. Nami, nikiri tu, nilikuwa upande wake. Mama alituacha tuseme hadi tuchoke, kisha akauliza kama wali umeiva.

Jana Deogratias akapiga simu. Aliniambia kwamba amezunguka kutazama magari mengi, na kila muuzaji humwapia kuwa lake halina shida. Shida huzikuta akishalilipia. La kwetu anajua anachokinunua na anajua aanzie wapi. Bei ya Mama hakuipunguza.

Nilimweleza Salumu. Alikwenda kumbusu Mama mkono.

Leo asubuhi wamekuja kuichukua. Lori la kubebea magari halikuweza kuingia kwenye uchochoro wetu, ikabidi landrova isukumwe hadi barabarani. Fundi wa Deogratias akafungua mlango ashike usukani, akamkuta Mama ameshakaa.

Salumu akamsihi ashuke, akamkumbusha kuwa gari halina breki na uchochoro ni mwembamba.

"Nani hapa anaijua kuliko mimi?" Mama akauliza.

Tukasukuma.

Majirani walitoka, wengine wakaongeza mikono. Matope yalitutelezesha. Penye kona, kati ya ukuta wa jirani na nguzo ya umeme, wanaume wakaanza kumwelekeza, kata huku, kata kule. Mama hakuwasikiliza. Alizungusha usukani ule mzito taratibu, mgongo umenyooka, na gari likapita bila kugusa ukuta wala nguzo. Barabarani akavuta breki ya mkono, landrova ikasimama nyuma ya lori kama iliyopimwa kwa kamba.

Mtu mmoja akapiga kigelegele. Nadhani nilikuwa mimi.

Mama akashuka mwenyewe, akampa Deogratias funguo mkononi.

"Ipeleke safari, mwanangu. Usiifanye pambo."

Deogratias akasema ikipona ataileta Mama aiendeshe tena hadi Kiwangwa. Mama akamjibu asiahidi kabla hajaifungua gia boksi. Walicheka wote wawili. Lori lilipoondoka Mama hakulia. Alisimama akilitazama hadi likakunja kona, kisha akarudi ndani kunawa miguu matope.

Mimi ndiye niliyelia kidogo, lakini kilio changu hakikuwa cha msiba.

Nimekaa hapa nikiwaza: mwanamke yule ameendesha gari katika tope la masika akiwa na mume asiyeona na watoto nyumbani, nami binti yake, mtu mzima, bado nasubiri kupakiwa na wenzangu. Jumatatu naanza kujifunza udereva. Nimeshamwambia Mama.

Ameniuliza kwa nini nimechelewa.