Jembe la Babu Yako

Bariadi, Jumapili. Asubuhi ya upepo na vumbi.

Mjukuu wangu Kabula,

Hatujambo. Shangazi yako wa Nkololo amemaliza kuvuna pamba, anakusalimu. Unauliza kwa nini babu yako aliishiwa nguvu wakati kwenye picha amenenepa.

Saratani ya tezi dume ilishafika mifupani alipoanza sindano za kushusha homoni za kiume. Tumbo likakua, majirani wakasifu, nasi tukafurahi. Kwetu mgonjwa hashiki jembe, hivyo nililificha nyuma ya magunia na kumwongezea ugali.

"Unaninenepesha kama fahali," alinitania. "Mnada wenyewe lini?"

Nilicheka. Kumbe alitaka kulima.

Baadaye walimwanzishia dawa kali ya saratani ya mshipani; ilipomshinda, daktari alimshika paja. "Mama, unene huu ni mafuta. Sindano zile hupunguza misuli, na kukaa tu kunazidisha. Alihitaji kutembea na kazi nyepesi."

Labda angelima, angeivumilia ile dawa. Hiyo "labda" ndiyo inayonisumbua.

Tuliporudi kutoka hospitali nilimtolea jembe. Hakuweza kuliinua. Alilipangusa vumbi, akasema, "Liegemeze mlangoni, niwe naliona."

Tulimzika, lakini bado liko hapo. Kila asubuhi nalisogeza nifagie, kisha nalirudisha.

Bibi yako